Leza na Makunyanzi ya Macho

Neno leza limekwisha kuwa la kawaida masikioni mwetu. Wapo walitajao kana kwamba ni jina la dawa, na wapo waaminio kuwa mwanga huo hupitishwa usoni ukafuta uzee kama kitambaa kifutavyo chaki ubaoni. Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi leza inavyopunguza makunyanzi yanayozunguka macho, na kwa nini mtu mwenye ngozi nyeusi yampasa aifahamu kanuni yake kabla ya kukubali kutibiwa.

Makunyanzi hutokana na nini?

Ngozi ina matabaka mawili makubwa. La juu ni jembamba, nalo ndilo lenye melanini, yaani rangi itupayo weusi. Chini yake pana tabaka nene lililosukwa kwa nyuzi za kolajeni, ziipazo ngozi uimara, na za elastini, ziifanyazo ivutike na kurudi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine zote za mwili. Unene wake haufiki milimita 1. Kila tunapocheka au kufinya macho juani, msuli unaozunguka jicho huikunja. Miaka ipitapo nyuzi zile hupungua, na mionzi ya urujuanimno ya jua pamoja na moshi wa tumbaku huharakisha uharibifu huo. Hatimaye mkunjo uliokuwa wa kitambo huwa wa kudumu.

Leza ni nini?

Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwamba atomu iliyokwisha kupokea nishati yaweza kuchochewa na mwanga ili itoe mwanga mwingine unaofanana nao. Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani alitumia fuwele ya yakuti kuunda leza ya kwanza. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, nao hutawanyika. Mwanga wa leza una rangi moja tu, mawimbi yake huenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride, na miali yake yaweza kukusanywa mahali padogo sana.

Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, aliunda leza itumiayo gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, na maji huufyonza upesi mno. Kwa kuwa ngozi ina maji mengi, sehemu kubwa ya mwanga huo huishia katika kina cha mikromita 20 hivi, yaani sehemu moja ya hamsini ya milimita.

Hesabu ya darasani

Tuchukue eneo la ngozi la sentimita mraba 1, lenye kina cha mikromita 20, na tulihesabu kana kwamba ni maji matupu. Uzito wake ni gramu 0.002. Kulipasha gramu 1 ya maji kutoka digrii 37 hadi 100 huhitaji jouli 4.2 × 63, yaani 265 hivi. Kuligeuza kuwa mvuke huhitaji jouli 2,260 zaidi. Jumla ni jouli 2,525 kwa gramu, nazo zikizidishwa kwa 0.002 zatupa jouli 5. Kiasi hicho cha jouli 5 kwa sentimita mraba ndicho hasa kinachohitajika hospitalini ili kuvukiza ngozi kwa leza hii.

Lakini muda nao una sheria yake. Nishati hiyo ikitolewa polepole, joto husambaa pembeni na kuunguza hata pasipokusudiwa. Ikitolewa chini ya sehemu ya elfu ya sekunde, tabaka jembamba huvukizwa kabla joto halijasambaa sana. Kanuni hii ya kuchagua rangi ya mwanga na muda wake ilielezwa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish wa Marekani. Joto dogo linalobaki chini hufupisha nyuzi za kolajeni, na jeraha linapopona mwili hufuma nyuzi mpya kwa muda wa miezi. Basi leza haifuti kunyanzi. Huijeruhi ngozi kwa kipimo, na mwili ndio unaotengeneza. Msuli nao huendelea kukunja, kwa hiyo mikunjo ya kicheko haiishi.

Ngozi nyeusi na jicho lenyewe

Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, seli zitengenezazo melanini zaweza kutoa rangi kupita kiasi, likabaki baka jeusi kwa miezi mingi. Zikifa, hubaki baka jeupe. Aidha, zipo leza nyingine ambazo mwanga wake hufyonzwa na melanini yenyewe. Hizo zaweza kuunguza tabaka la juu kabla ya kufika zinakolengwa. Tangu mwaka 2004 imejulikana njia ya kujeruhi vijisehemu vidogo vidogo tu, huku ngozi nzima ikiachwa katikati yake isaidie kuponya. Njia hiyo hupunguza hatari, haiiondoi.

Jicho nalo lazima likingwe. Leza ya kaboni dayoksaidi huunguza konea. Leza za mwanga uonekanao hupenya hadi retina na zaweza kupofusha. Kwa sababu hiyo, atibiwapo karibu na kope, mgonjwa huwekewa ngao ya chuma juu ya mboni.

Kwa hiyo mtu ashawishiwapo kutibiwa kwa leza, na aulize kwanza: mwanga huu hufyonzwa na nini, kwa muda gani, na mtaalamu huyu amekwisha kutibu ngozi kama yangu? Asiyeweza kujibu maswali hayo asikabidhiwe uso wa mtu. Na kwa kijana ambaye bado hana makunyanzi, kofia pana, kivuli cha adhuhuri na kuepuka sigara ni kinga isiyohitaji mashine.