Mgeni wa Mjini: Ni Msafiri au Mkaazi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Siku moja baada ya Adhuhuri kijana mmoja alinifuata barazani kwenye msikiti wetu hapa Dar es Salaam. Alitoka Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akafikia kwa mjomba wake ili atafute maisha. Swali lake lilikuwa dogo: je, anayejumuisha Adhuhuri na Alasiri lazima azifuatanishe? Nikamuuliza amefika lini. Akasema, miezi saba. Kumbe muda wote huo, akiwa peke yake kwenye kibanda anachouzia viatu, alikuwa akisali rakaa mbili mbili na kujumuisha, na Ijumaa haendi. Hoja yake ni kwamba yeye si wa hapa.

Ndugu msomaji, walio kama yeye ni wengi, ila hawaulizi.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, musafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika. Dalili mojawapo ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Muhajirina wakae Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada ya Hija, nao walikuwa wamekatazwa kuufanya tena mji huo makazi yao. Wanavyuoni wakafahamu kuwa siku tatu bado ni za mpita njia. Imam Malik naye amesema siku nne, Imam Ahmad yuko karibu na hapo, na Imam Abu Hanifa amesema siku kumi na tano.

Kijana wetu alikuwa amesikia kwamba Ibn Umar (R.A.) alipunguza Sala miezi sita alipozuiwa na theluji Azerbaijan. Hilo limepokewa. Lakini Ibn Umar hakunuia kukaa. Alikuwa akingoja njia ifunguke aondoke. Mwenye kungoja haja anayoitaraji siku yoyote ana hukumu yake, na Mashafi wamemwekea siku kumi na nane. Aliyekuja kutafuta maisha amekwisha nuia kukaa, hata kama hakulitamka, kwa sababu maisha hayatafutwi kwa siku nne wala kumi na tano. Kwa hiyo maimamu wote wanne hapa hawamwachii rukhsa.

Nikamwambia alipe. Alizosali nyuma ya imamu mkaazi kwa ukamilifu hazina tatizo, wala Alfajiri na Magharibi hazimo, kwani hazipunguzwi. Zinazobaki ni Adhuhuri, Alasiri na Isha alizozisali peke yake kwa rakaa mbili. Akadirie mpaka nafsi itulie, azilipe kidogo kidogo, na atubu kwa Ijumaa alizoziacha. Ijumaa inamlazimu mukimu hata kama hajaufanya mji kuwa watan wake, yaani makazi yake ya kudumu. Tofauti ni kuwa kwa Mashafi huyo hahesabiwi katika wale arobaini. Katika mji wa watu zaidi ya milioni 5 sidhani kama kuna imamu wa Ijumaa anayepungukiwa.

Hata hivyo sikumlaumu sana. Muhajirina walipofika Madina, Abu Bakr na Bilal (R.A.) walishikwa na homa, na Bilal akawa anaililia Makka. Mtume (S.A.W.) hakumkaripia, alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama Makka au zaidi. Na Abdur-Rahman bin Auf (R.A.), alipopewa na Saad bin Rabii (R.A.) nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akauliza soko liko wapi. Akaenda kuuza jibini na samli. Kijana wetu soko alikwisha lijua. Msikiti wa mtaani kwake, hatua chache kutoka kibandani, hakuujua, na hakuna hata mmoja katika sisi tunaosali safu ya mbele aliyemuuliza jina.

Akabakiza swali moja: Idd akienda kwao kwa siku mbili tatu, asali vipi? Hapo mimi nikamuuliza, kwenu ni wapi? Kama nia yake ni kuchuma na kurudi, Kigoma bado ni watan wake. Akiingia tu safari imekatika, anatimiza. Na kama amehamia Dar es Salaam moja kwa moja, basi kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafi kuwepo wazazi hakuzuii kupunguza, kwani Muhajirina walipunguza Makka penye jamaa zao. Atasali rakaa mbili nyumbani kwa mama yake.

Alinyamaza kitambo, akasema atalifikiri. Nikamwambia alifikiri kabla hajakata tiketi.

Wallahu aalam.