Kutembea na Kisigino Kinachouma

Ushauri wa kupumzisha mguu ni rahisi kuutoa kwa mtu mwenye kiti. Ukiupeleka Kipsongo, mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji wa Kitale, unakosa pa kukaa. Wengi wa wakazi wake ni Waturkana ambao familia zao zilipanda kutoka nyanda kame za kaskazini zikikimbia ukame na wizi wa mifugo, na riziki hapa hutafutwa kwa miguu: kuokota vyuma chakavu, kubeba mizigo sokoni, kuchuuza, kufuata kibarua cha kuvuna mahindi kwenye mashamba ya Trans-Nzoia. Mtu wa kazi hizo akiambiwa alale wiki tatu kwa sababu ya kisigino, ataitikia kwa heshima, atoke zahanati, aendelee kutembea akichechemea. Watafiti wa miguu sasa wanaelekea kukubaliana naye, angalau nusu.

Maumivu yanayojulikana zaidi ni yale ya asubuhi. Unashuka kitandani, hatua ya kwanza inachoma kana kwamba umekanyaga msumari. Hatua ya kumi inavumilika, adhuhuri umeshasahau, jioni yamerudi. Chanzo chake mara nyingi ni utando mgumu wa nyuzi ulio chini ya unyayo, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kwenda hadi kwenye vidole. Mwaka 1954 J. H. Hicks alieleza kazi yake: kisigino kinapoinuka na vidole kukunjika, utando unavutwa, upinde wa unyayo unapanda na mguu unakazika tayari kuusukuma mwili mbele. Kazi hiyo hurudiwa kila hatua, kutwa nzima, na aliyebeba gunia huifanya kwa uzito wa watu wawili.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba utando ukiuma basi umevimba na kuwaka ndani, ndiyo maana tiba ikawa barafu, vidonge na kitanda. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake walitazama kwa darubini vipande kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa kisigino. Walitarajiwa kukuta uvimbe huo, hawakuukuta. Walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika. Sasa, kitu kilichochakaa hakirudi hali yake kwa kuachwa tu, na hapo ndipo hoja ya kupumzika inapoanza kuyumba.

Kano ya kisigino, ile nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ina tabia ya ajabu zaidi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewa kaboni yenye mnururisho, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na ndani ya miili ya watu wote waliokuwa hai. Mwaka 2013 Katja Heinemeier na wenzake nchini Denmark waliitumia kaboni hiyo kupima umri wa kano. Waligundua kwamba kiini chake hujengwa hadi mtu anapofikisha takriban miaka 17, kisha karibu hakibadilishwi tena. Mwenye miaka 50 anatembea kwa kano aliyoijenga alipokuwa kijana. Hili linaeleza kwa nini maumivu yake hayaishi kwa wiki moja, na kwa nini mwenye kuahidi dawa ya siku tatu anafaa kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Aliyebadilisha mwelekeo wa tiba alikuwa daktari mpasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson. Kano yake mwenyewe ilimsumbua, akataka apasuliwe, mkubwa wake akakataa. Husimuliwa kwamba aliamua kuitesa kano hiyo kwa mazoezi mazito ili iharibike kabisa na upasuaji usiweze kukwepeka. Badala ya kuharibika, ikapoa. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya watu 15 aliowapa zoezi hilo: kusimama ukingoni mwa ngazi kwa mbele ya unyayo na kukishusha kisigino polepole, mara 15 kwa mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Kundi lilikuwa dogo, na waliofuata hawakupata matokeo mazuri kiasi hicho kila mara, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka.

Swali la mbeba mizigo lilijibiwa baadaye kidogo. Je, aache kazi wakati anajitibu? Mwaka 2007 Karin Grävare Silbernagel, huko huko Sweden, aligawa wagonjwa 38 wa kano ya kisigino. Wote walifanya mazoezi, ila kundi moja liliruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka, jingine likatakiwa kuacha kwa wiki sita za mwanzo. Walioendelea hawakuchelewa kupona. Hata hivyo walikuwa na kipimo: kwenye ngazi ya sifuri hadi kumi, maumivu yasipite tano, na kufikia asubuhi inayofuata yawe yametulia. Yakizidi siku hadi siku, kazi ipunguzwe.

Kwangu mimi hiki ndicho kifaa bora kilichotoka katika utafiti wote huu, kwa sababu hakihitaji mashine wala hela. Asubuhi ndiyo hakimu. Mchuuzi aliyetembea jana kutoka Kipsongo hadi mjini na kurudi mara mbili, akaamka leo na hatua ya kwanza ile ile ya siku zote, alitembea kiasi chake. Akiamka nayo mbaya zaidi, leo apunguze: safari moja, mzigo uliogawanywa, au asimame pahali pamoja wateja wamfuate. Anapunguza, haachi.

Zoezi la utando wa unyayo nalo ni la vifaa vya nyumbani. Michael Rathleff wa Denmark aliwapa wagonjwa taulo iliyoviringishwa, waiweke chini ya vidole ili vikunjike juu, kisha wainuke kwa mguu mmoja kwenye ngazi: sekunde tatu kupanda, mbili kutulia juu, tatu kushuka, mara 12. Hurudiwa kila baada ya siku moja, kwa kuwa nyuzi zikishavutwa huhitaji zaidi ya siku nzima kujijenga. Mguu ukizoea, mzigo uongezwe. Wao walitia vitabu kwenye begi la mgongoni. Kitale, nchi ya mahindi, pakiti mbili za unga zinatosha, na leso iliyokunjwa ni taulo tosha. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliojinyoosha tu. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili yalikuwa yamekaribiana. Faida yake, basi, ni kufupisha mateso, na kwa anayeishi kwa kibarua cha siku, miezi kadhaa si kitu kidogo.

Viatu? Patipati zilizolika huvilazimisha vidole kung'ang'ania, na kiatu cha mtumba chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo humpunguzia mtu mvuto wa kano. Pekupeku si adui kama tulivyofundishwa: mwaka 2019 Nicholas Holowka na wenzake walipima nyayo za watu zaidi ya 80 magharibi mwa Kenya na kukuta kwamba ngozi iliyokomaa huukinga unyayo bila kuua hisia zake. Ila utafiti ule haukuhusu vioo vilivyovunjika wala funza.

Na funza ni lazima watajwe, maana si kila mguu unaouma una tatizo la kano. Funza waliojichimbia vidoleni hupotosha mwendo hadi kifundo kikauma, na hapo zoezi halisaidii kitu kabla ya kutibiwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lililofanyika Kenya, lilionyesha kwamba mafuta ya dimetikoni yaliwaua 78 kati ya kila funza 100 ndani ya siku saba. Dawa ya zambarau ya kuloweka miguu, pamanganeti, iliua 39. Kuna pia matende yanayoletwa na udongo mwekundu wa volkano kwa wanaotembea pekupeku miaka mingi, ugonjwa ulioripotiwa magharibi mwa Kenya. Jaribio la Ethiopia lililochapishwa mwaka 2018 lilipunguza mashambulizi yake ya homa na maumivu kwa kuosha miguu, kuipaka mafuta, kuifunga bandeji, kuvaa viatu na kufanya mazoezi.

Kifundo kilichovimba ghafla, mguu usioweza kukanyaga kabisa, au maumivu yanayoamsha usiku pamoja na homa, hayo ni ya hospitali. Aliye na kisukari na nyayo zenye ganzi hawezi kutumia hakimu wa asubuhi, kwa kuwa anaweza kushinda akitembea juu ya kidonda bila habari. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023 walipewa mikoba yenye kipima sukari, kwa hiyo kujua hali yako kunaanzia kwa jirani aliyebeba mkoba huo. Akikuta sukari iko juu, nyayo zikaguliwe kila jioni kwa macho, au kwa macho ya mtu mwingine wa nyumbani, katikati ya vidole na nyuma ya kisigino.