Kuunganisha Picha kwa Kompyuta

Siku hizi karibu kila nyumba ina picha, nazo nyingi zimelala ndani ya simu bila mtu kuzitazama. Picha moja hueleza jambo moja tu. Lakini ukichagua picha tatu au nne za habari moja, ukazipanga vizuri katika karatasi moja, zaweza kueleza mambo ambayo yangehitaji kurasa nyingi za maandishi. Kazi hiyo huitwa kolaji, jina lililotoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kubandika kwa gundi. Mwaka 1912 wachoraji Picasso na Braque walibandika vipande vya karatasi katika picha zao huko Ufaransa, na watu wakastaajabu. Leo mkasi na gundi vimo ndani ya kompyuta. Nataka kueleza jinsi mtu asiyepata kuifanya kazi hii awezavyo kuianza, na tena jambo moja ambalo hapana budi alijue kabla ya kuwaonyesha watu kazi yake.

Programu za kazi hii ni nyingi. Nitaeleza ile iitwayo GIMP, maana haiuzwi. Kila mtu aweza kuitumia bure. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ikishaingizwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti, na jambo hilo latufaa sana sisi wa Kasese na Bwera.

Tuchukue mfano wa mlima wetu Rwenzori, ambao Wakonzo huuita Rwenzururu. Mwaka 1906 Duki wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliongoza msafara uliopanda vilele vyake, na mpiga picha Vittorio Sella akapiga picha za barafu. Picha hizo zipo hata leo. Tuseme twataka kuweka moja yake pamoja na picha ya kilele kile kile iliyopigwa miaka hii, ili watu waone jinsi barafu ilivyopungua.

Kwanza, kusanya picha zako katika folda moja, na ufanye kazi kwa nakala tu. Picha ya asili usiiguse. Kila picha ya kompyuta ni nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Ili ichapishwe vizuri yafaa iwe na pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 800 haifai kuzidi sentimita 7 karatasini. Ukiikuza zaidi itaonekana kama iliyofunikwa na ukungu. Kupunguza picha ni rahisi, kuikuza ni kuiharibu. Tena picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa njiani. Mwenzako wa Bwera akitaka kukutumia picha, mwambie aitume kama hati, ifike nzima.

Pili, tengeneza karatasi mpya kwa kubonyeza Ctrl na N. Kwa ukubwa wa A4 andika upana wa pikseli 2480 na urefu wa pikseli 3508.

Tatu, bonyeza Ctrl, Alt na O, uchague picha zako zote. Kila moja itaingia kama tabaka. Tabaka ni kama kipande cha kioo kilichowekwa juu ya kingine: kilicho juu huficha kilicho chini, nawe waweza kukisogeza kimoja bila kuvigusa vingine. Majina ya matabaka huonekana kwa orodha pembeni mwa skrini. Kabla ya kufanya lolote, bonyeza jina la tabaka unalolitaka. Wanaoanza wengi husahau hilo, wakashangaa kuona picha nyingine ndiyo inayosogea.

Nne, bonyeza Shift na S ili kubadili ukubwa, na uhakikishe kwamba alama ya mnyororo imefungwa, ili upana na urefu vipungue pamoja. Isipofungwa, watu watakuwa wembamba kama mianzi au wafupi kama vinu. Kisha bonyeza M, uisogeze picha mahali pake. Acha nafasi ya pikseli 40 kati ya picha na picha, yaani kama milimita 3. Ukikosea, Ctrl na Z hurudisha hali ya kwanza.

Kwa picha mbili za kilele kimoja iko njia nzuri. Weka ile mpya juu ya ile ya 1906, upunguze nguvu ya tabaka la juu ifike 50 katika 100, ndipo utaona zote mbili kwa pamoja. Isogeze mpaka miamba ya juu ilingane na miamba ya chini. Mwamba hauhami, barafu ndiyo iliyoondoka. Zikishalingana, zikate kwa mipaka ile ile, urudishe nguvu yake, uzitenge na kuzipanga sawasawa.

Tano, hifadhi kazi mara kwa mara kwa Ctrl na S, maana umeme haubishi hodi ukitaka kuondoka. Faili hiyo huishia na herufi xcf, nayo hutunza matabaka yote. Ukimaliza, bonyeza Shift, Ctrl na E, utoe nakala ya JPEG ya kuchapisha au kutuma.

Sasa nije kwenye lile jambo kubwa. Picha mbili zikikaa pamoja, husema neno ambalo hata moja peke yake haikulisema. Wataalamu walikadiria kwamba barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, na kama 1 tu mwaka 2003. Picha zetu mbili zasema kweli hiyo. Lakini ukiongeza pembeni picha ya mto Nyamwamba uliofurika Kilembe mwezi wa Mei 2013, msomaji atasema mara moja, "Kumbe barafu iliyeyuka ikaleta gharika!" Sivyo, mvua kubwa ndiyo iliyoufurisha mto ule. Kila picha ni ya kweli, lakini mpango wake umesema uongo.

Mfano mwingine ni wa Bwera. Mwezi wa Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliotoka Kongo walitunzwa huko. Mtu akiweka picha ya waganga waliovaa mavazi ya kujikinga kando ya picha ya akina mama wauzao soko la Mpondwe siku nyingine kabisa, amewatia akina mama hao ugonjwa wasiokuwa nao. Nani atanunua kwao tena? Hata wakubwa huteleza hapa: mwaka 1982 gazeti la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe katika jalada, likalaumiwa sana.

Kwa hiyo chini ya kila picha andika mahali, mwezi na mwaka. Mwezi una maana, kwa kuwa theluji mpya huweza kuufunika mwamba mtupu kwa siku chache, na mtu akadhani barafu imerudi. Andika pia jina la aliyeipiga, na umwombe ruhusa akiwa hai.

Ninyi mliosoma hapa zamani mna picha za karatasi masandukuni, na wadudu wanazila. Ziwekeni mezani karibu na dirisha, mzipige kwa simu kutoka juu bila taa yake, mtuletee nakala. Lakini kabla ya hapo geuzeni kila picha, muandike nyuma kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Kupanga picha sisi tutajifunza. Majina hayo ninyi tu mnayajua.