Tela la kambi: Pima uzito kabla ya kulipa

WAFANYABIASHARA wanaoingia katika biashara ya kukodisha matela ya kambi kwa watalii hutazama mambo mawili: bei ya tela na nguvu ya injini ya pikapu. Jambo la tatu, ambalo ndilo hula mtaji, ni uzito.

Injini ya pikapu ndogo huweza kuliondoa tela zito. Kazi ni kulisimamisha. Toyota Hilux nyingi za dizeli za miaka ya karibuni, zenye kuendesha magurudumu manne, zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 iwapo tela lina breki zake. Lisipokuwa na breki, kiwango hushuka hadi kilo 750 tu.

Hesabu ya mzigo

Mfano ni pikapu yenye kilo 1,900 ikiwa tupu, inayoruhusiwa kufikia kilo 2,800. Nafasi yake ni kilo 900. Tela lina kibao cha kilo 1,800, lakini huo ni uzito wa tela tupu. Lita 150 za maji ni kilo 150. Gesi, betri, vyakula na viti vikiongeza kilo 350, tela linaingia barabarani na kilo 2,300.

Asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, yaani kilo 230 hadi 345, hulalia kiungio cha nyuma ya pikapu, na zote huhesabiwa kama mzigo wa pikapu. Watu watano wa kilo 80 ni kilo 400 nyingine. Kwa hiyo nafasi ya kilo 900 imebaki kilo 270, au 155 tu.

Kitabu cha gari pia hutaja kikomo cha uzito wa gari na tela kwa pamoja, na kiungio kina kikomo chake. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Kupakia na kuteremka

Vitu vizito hukaa chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vikirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba. Hapo dereva huachia mafuta taratibu na kushika usukani bila kuuzungusha. Mzigo ukizidi kwenye kiungio, nyuma ya pikapu hudidimia, usukani huwa mwepesi na taa humulika juu.

Safari ya Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Ruaha hupita mlima Kitonga. Wakati wa kurudi, dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko. Anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzimwa na breki huongezeka mara nne.

Kwa mwekezaji

Kabla ya malipo, tela lipelekwe kwenye mizani likiwa limejazwa maji na vifaa vyote. Matairi yasomwe ubavuni: namba 100 ya uzito ni kilo 800 kwa tairi moja, hivyo matairi mawili hayatoshi kwa tela la kilo 2,300. Gharama ya breki na matairi iingizwe katika bei ya kununulia.

Hesabu ikikataa, lililobaki ni tela dogo au gari kubwa. Kuzidisha uzito huweza kumpa mwenye bima sababu ya kupinga madai siku ya ajali, na hasara yote ikabaki kwa mwenye mali.