Anacheza Gofu kwa Miwani, Anataka Lensi: Ya Kujua Kabla Hajarudi Nazo Mandawa

Mandawa, wilayani Ruangwa, hakuna uwanja wa gofu. Mpira unaojulikana huko ni wa miguu, na jina kubwa ni Namungo FC wanaocheza Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa mjini. Lakini watu wa Mandawa hawaishi Mandawa tu. Wengi wako Dar es Salaam wanatafuta maisha, na kijana akipata kibarua cha ukedi, yaani kubeba mabegi ya wachezaji wa gofu pale Lugalo au Gymkhana, haichukui muda naye anaanza kushika fimbo. Wachezaji wengi wazuri wa gofu Afrika Mashariki walianzia hapo hapo kwenye ukedi.

Sasa tuseme kijana huyo anavaa miwani. Jua la Dar linawaka, jasho linatiririka, miwani inateleza hadi puani. Anaambiwa na wenzake, "Achana na hiyo kitu, weka lensi." Lensi za machoni ni vile vioo laini vyembamba vinavyokaa juu ya jicho lenyewe. Anazitamani. Swali ni je, zitamsaidia kwenye mchezo? Na msimu wa korosho ukifika akapanda basi kurudi nyumbani, itakuwaje?

Tuanze na mchezo.

Mchezaji wa gofu hasimami akaangalia mbele kama mtu anayesoma gazeti. Anainama, kichwa kinalala kidogo upande, macho yanatazama chini kwenye mpira, halafu shingo inageuka kufuata mpira unapokwenda. Kwa mwenye miwani, hapo ndipo shida inapoanza. Miwani inaonesha vizuri zaidi katikati ya kioo. Macho yakienda pembeni, picha inajivuta kidogo, na yakizidi kwenda yanakutana na fremu. Mpira ukiruka mita mia mbili na zaidi, mwenye miwani mara nyingi analazimika kugeuza kichwa kizima ili aufuate.

Lensi haina fremu, na inatembea na jicho. Ukiangalia pembeni, nayo imo. Haikusanyi ukungu asubuhi, haipigwi na matone ya mvua, haitelezi kwa jasho. Kwa faida hizi tu, mwenye namba kubwa za macho anaweza kuona kama amehamia dunia nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani. Miwani ya mtu asiyeona mbali, ile yenye namba za kutoa, inafanya vitu vionekane vidogo kuliko vilivyo. Kwa mtu mwenye namba kutoa 6, kitu kinapungua takriban asilimia 7. Akivaa lensi, mpira wenye kipenyo cha milimita 42.67 unaonekana mkubwa zaidi, na shimo lenye upana wa milimita 108 nalo linaonekana limesogea karibu. Inafurahisha, lakini ubongo wake umezoea vipimo vya zamani. Siku za mwanzo atapiga mipira mifupi, hasa ile ya kusukuma kuelekea shimoni, kwa sababu anaona shimo liko karibu kuliko alivyozoea. Hajasahau mchezo, ni macho yanajifunza upya.

Ndiyo maana si akili kuvaa lensi kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Mtu anaanza nazo saa chache nyumbani, anaongeza kidogo kidogo, kisha anakwenda kwenye uwanja wa mazoezi kupiga mipira mingi ya karibu. Mashindano baadaye.

Namba za miwani si namba za lensi. Hili linawaponza watu. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lensi inagusa jicho lenyewe, kwa hiyo nguvu inabadilika. Aliye na kutoa 6 kwenye miwani atapewa lensi ya karibu kutoa 5.50. Kwa namba ndogo, chini ya 4, tofauti haina uzito. Lakini umbo la jicho nalo linapimwa, maana lensi iliyobana au inayoogelea machoni ni balaa. Anayechukua karatasi yake ya miwani na kuagizia lensi mtandaoni anabahatisha.

Wapo wenye jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote, wataalamu huliita astigmatizimu. Hawa wanahitaji lensi maalumu ambayo lazima ikae kwa mkao wake. Ikizunguka, picha inafifia. Na gofu, kwa kule kuinamisha kichwa, ni mchezo unaoweza kuizungusha. Mwenye tatizo hili amwambie mpimaji wazi kwamba anacheza gofu, na ikiwezekana ainame pale pale chumbani kama anapiga mpira, ionekane lensi inatulia au la. Asione aibu.

Waliovuka miaka 40 wana hesabu yao. Wengi wanavaa miwani ya sehemu mbili au zaidi, juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea. Kwenye gofu miwani hiyo ni adui, kwa sababu mpira upo chini, mahali palepale penye kioo cha kusomea, na unaonekana na ukungu. Kuna wanaopewa lensi kwa mtindo wa jicho moja la mbali na jingine la karibu. Kusoma meseji kwenye simu kunakuwa rahisi, ila kupima umbali kunataka macho mawili yafanye kazi pamoja, na anayesoma mteremko wa nyasi za shimo atalipia. Mzee wa gofu wa namna hii pengine anahitaji tu miwani ya pili, ya mbali peke yake, kwa ajili ya uwanjani. Ni rahisi, na haina masharti.

Mfano wa Tiger Woods hupenda kutajwa. Ni kweli alikuwa na macho mabovu sana, na mwaka 1999 alifanyiwa upasuaji wa leza. Mwaka uliofuata akabeba makombe makubwa matatu. Wenye kupenda hadithi nzuri husema leza ndiyo iliyompa. Wanasahau kwamba mwaka 1997, akiwa na miaka 21 na lensi machoni, alishinda Masters kwa tofauti ya mikwaju 12. Lensi hazikumzuia, na leza haikumfundisha kupiga.

Kanuni za gofu nazo hazina tatizo. Miwani ya kawaida na lensi vyote ruksa. Kwenye mpira wa miguu ndipo kuna masharti zaidi: miwani ya kawaida inaweza kumuumiza mtu, kwa hiyo inaruhusiwa ile ya michezo iliyotengenezwa isiwe hatari, kama aliyokuwa akivaa Edgar Davids wa Uholanzi kwa sababu ya ugonjwa wa presha ya macho.

Kitu kimoja lensi hazifanyi ni kukinga. Mpira wa gofu ni mdogo, maana yake ukija kwa kasi unaweza kulipiga jicho lenyewe. Majeraha ya namna hiyo ni mabaya sana, na wapo waliopoteza jicho. Miwani ya plastiki ngumu inaweza kuokoa. Lensi haikingi chochote. Kedi anayesimama mbele ya wapigaji kutwa nzima alifikirie hilo kuliko tajiri anayemfanyia kazi. Habari njema ni kwamba mwenye lensi anaweza kuvaa juu yake miwani ya jua ya kawaida, ngumu, isiyo na namba. Anapata kinga ya jua na ya mpira kwa pamoja.

Sasa safari ya nyumbani

Tuseme kijana amezoea, anapiga vizuri, na likizo imefika. Basi la kusini, Lindi, Ruangwa, kisha Mandawa. Safari inakula siku. Na hapa ndipo lensi zinapogeuka kutoka kitu cha mchezo kuwa jambo la kuona au kutoona.

La kwanza ni maji. Lensi haitakiwi kuguswa na maji kabisa. Si ya kisima, si ya bomba, si ya mvua, si ya chupa, na hata yaliyochemshwa hayafai. Ndani ya maji ya kawaida huishi mdudu mdogo asiyeonekana, aina ya amiba, asiyemdhuru anayenawa uso tu. Akinasa kati ya lensi na jicho anaanza kula kioo cha jicho. Maumivu yake ni makali kupita kiasi, matibabu huchukua miezi, na wengine hubaki na kovu jeupe linaloziba kuona. Kwa hiyo kuoga na lensi hapana, kuogelea mtoni hapana, na ile tabia ya kulowanisha lensi kwa mate ndiyo mbaya kabisa.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kugusa lensi. Nyumba inayopimia maji kwa ndoo itaona hilo ni jambo kubwa, lakini halina mbadala. Lensi zinahifadhiwa kwenye dawa yake maalumu, inayomwagwa na kuwekwa mpya kila siku, bila kuongezea juu ya ile ya jana. Kijiboksi chake kinabadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Na dawa hiyo asitarajie kuikuta kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Ikiisha, lensi zinatoka na miwani inarudi. Hakuna kutengeneza kwa chumvi na maji.

La pili ni salfa. Mtu wa Ruangwa au Nachingwea hahitaji kuelezwa. Kuanzia katikati ya mwaka, mikorosho inapotoa maua, mashine zinaunguruma mashambani na unga wa salfa unapulizwa kuzuia ubwiriunga. Hata asiyevaa chochote macho yanamwasha. Kwa mwenye lensi ni vibaya zaidi: unga unaingia chini ya lensi na kukaa pale, unasugua kila anapopepesa. Mchubuko mdogo juu ya jicho ni mlango wa vijidudu. Anayekwenda kupuliza salfa akiwa na lensi anajitafutia. Avae miwani yake, na juu yake ile ya kinga inayoziba pande zote. Vumbi la barabarani kwenye bodaboda nalo ni hivyo hivyo.

La tatu ni usingizi. Msibani watu wanalala popote, kwenye basi mtu anapitiwa bila kujua. Kulala na lensi kunaongeza hatari ya maambukizi ya jicho mara 6 hadi 8. Anayepanda basi la alfajiri heri apande na miwani, lensi zikae kwenye begi.

Kwa maisha ya namna hii, ya nusu mjini nusu kijijini, lensi za siku moja ndizo zenye unafuu. Unavaa asubuhi, unacheza, jioni unatupa. Hazina dawa wala kijiboksi. Gharama yake kwa mwezi ni kubwa kama mtu anavaa kila siku, lakini anayezitumia kwa gofu tu, Jumamosi na Jumapili, hahitaji nyingi. Kuzivaa siku mbili ili kubana matumizi kunaharibu faida yote.

Zile lensi za rangi zinazouzwa na vipodozi kwa ajili ya maharusi zisihesabiwe kabisa kwenye habari hii. Ni lensi pia, zinataka kupimwa na usafi ule ule, ila zinauzwa kama hereni. Kuazimana ndiyo kabisa.

Na jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au kuona ukungu, lensi inatoka papo hapo na hairudi. Mwaka 2024 mwanzoni, Dar es Salaam na mikoa mingine ilipopata mlipuko wa macho mekundu, wengi walipona wenyewe baada ya siku kadhaa, na hilo limewazoesha watu kusubiri. Kwa mwenye lensi kusubiri si sawa. Kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kuharibu mambo ndani ya siku moja au mbili. Aende hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, aseme kwa mdomo wake kwamba alikuwa anavaa lensi, na akipewa rufaa ya Lindi au zaidi asiikalie. Asiweke dawa ya macho iliyobaki kwa jirani, hasa zile zenye steroidi, zinazotuliza wekundu huku kidonda kinaendelea chini kwa chini.

Aliyewahi kuugua trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao Lindi na Mtwara wamepambana nao miaka mingi, au ambaye kope zake zinageukia ndani, aonwe kwanza na daktari wa macho. Huenda lensi hazimfai, na kope zenyewe zinahitaji upasuaji mdogo kabla ya jambo lolote la gofu.

Mwenye namba ndogo, kutoa 1 au 2, huenda hata hahitaji haya yote. Kamba ya miwani ya kufunga nyuma ya kichwa, fremu nyepesi inayoshika puani, na kitambaa mfukoni vinamaliza shida yake. Lensi zina maana kwa yule ambaye akivua miwani hauoni mpira aliousimamia. Huyo, hata akizipata, bado miwani yake nzima yenye namba za sasa lazima iwe kwenye begi, Lugalo na Mandawa pia.