Titi la mpira mezani kwa sista

Nilikuwa nimefuata habari ya chanjo katika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya mji wa Tanga. Mezani, kati ya kadi za watoto na boksi la glovu, nikaliona titi la mpira: la pinki, limepakwa poda lisinate vidoleni. Chanjo nikaisahau.

Ndani yake mna vivimbe vitatu. Sista, muuguzi aliyeomba nisimtaje jina, huwapa akina mama wavitafute. Mama mmoja analibonyeza harakaharaka kwa ncha za vidole.

"Hapana, mama. Lalisha vidole vitatu vya kati. Zungusha, usivinyanyue."

Mzunguko wa kwanza mwepesi, chini ya ngozi tu. Wa pili unakaza kidogo. Wa tatu unazama hadi chini kabisa, pale ambapo mtu angegusa mbavu. Vidole vinapanda hadi pale mtulinga ungekuwapo, vinaelekea upande wa kwapa, vinasita, vinarudi nyuma.

"Hiki hapa!"

"Kinauma?" Wanacheka. "Basi hata cha kweli, mwanzoni mara nyingi hakiumi. Wengi wanaonijia wamechelewa husema hivyohivyo: sista, kilikuwa hakiumi."

Wanaonyonyesha hudhani maziwa yameganda, na mara nyingi ni kweli. Uvimbe mwingi si saratani. Ila mtoto ananyonya, wiki zinapita, uvimbe uko palepale? Huyo sista anamtaka kituoni.

Kilichonikera ni ile pinki. Bango ukutani nalo linaonyesha titi jeupe lenye wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliozidi au zambarau.

"Nawaambia wasitafute wekundu, watafute kilichobadilika," anasema. "Ngozi imekuwa nzito, ina vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani. Inatoa damu, au inachubuka na dawa ya kupaka haisaidii."

Nikamchokoza kwa utafiti wa Shanghai uliotangazwa mwaka 2002, wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao 266,000: vifo vya saratani ya matiti havikuwa vichache kwa waliofundishwa kujipapasa kuliko kwa wasiofundishwa.

"Wachina wana hesabu zao," akajibu. "Mimi simwambii kujipapasa kunatibu. Nataka alijue titi lake, likibadilika asingoje liume."

Sawa, asingoje. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uwe umethibitishwa ndani ya siku 60 tangu mama afike kituoni mara ya kwanza. Kutoka hapa mama anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Ikithibitika ni saratani, huenda safari ikawa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Katika daftari la rufaa la sista, safu ya majibu ina nafasi nyingi tupu. Walikosa nauli? Waliambiwa hawana kitu, wakaona hakuna haja ya kurudi? Au walikwenda kwa mganga?

Sista huwapigia kwa vocha yake mwenyewe, akiwa nayo. Namba nyingi ni za waume, na wengine, anasema, huuliza kwanza: "Rufaa gani?"