Ukivaa ndala kufungua friji, tafuta fundi

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina sheria ambayo mgeni huambiwa siku ya kwanza: hilo friji usiliguse miguu mitupu. Ndala zimewekwa pale chini makusudi. Mtoto anaijua sheria hiyo, dada wa kazi anaijua, na baba mwenye nyumba huieleza kwa utani, kana kwamba friji ni mbwa mkali aliyekwisha kumzoea. Ukimuuliza kwa nini hamwiti fundi, atakujibu, "Aah, linapiga kidogo tu."

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Friji linalochonyota vidole lina umeme unaovuja hadi kwenye bati lake la nje, nao umekosa pa kwenda. Anayeligusa akiwa pekupeku ndiye anakuwa njia ya kuufikisha ardhini. Ndala zinaifunga njia hiyo kwa muda tu. Siku maji yakimwagika jikoni na ndala zikaloa, ile "kidogo tu" inaweza kuua.

Njia halali ya umeme uliovuja ni waya wa eathi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Katika vitu vyote anavyofunga fundi, eathi ndiyo isiyo na shahidi. Isipokuwepo, taa zinawaka, feni inazunguka, tivii inaonyesha, mwenye nyumba analipa na fundi anaondoka. Kwa hiyo pesa zikibana, hapo ndipo panapopunguzwa, na mara nyingi anayebana pesa ni sisi wenye nyumba. Unafungua soketi yenye matundu matatu, nyuma yake unakuta nyaya mbili. Au nyaya tatu zipo mpaka kwenye meni switchi, lakini fimbo ya shaba iliyotakiwa kuzamishwa ardhini nje ya nyumba haipo. Imekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Au ipo, ila kikamatio chake kimeliwa na kutu, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na skrubu. Na hata fimbo nzima hupungua nguvu udongo unaoizunguka ukikauka sana.

Wengine tunaikwepa eathi kwa mikono yetu wenyewe. Chaja ya pini mbili haiingii kwenye soketi ya matundu matatu, basi tunatumbukiza mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu, lile la eathi, mpaka vile vifuniko vya ndani vifunguke. Vifuniko hivyo viliwekwa kuzuia vidole vya watoto.

Mambo mengine ya umeme nyumbani ni mepesi zaidi, mradi ujue ni ya nani. Mpaka ni mita. Kuanzia kwenye nguzo mpaka kwenye Luku ni mali na kazi ya TANESCO, na namba yao ya dharura ni 180. Baada ya mita ni juu yako na fundi wako. Umeme ukikatika, chungulia kwanza kwa jirani. Kwake kukiwa giza pia, subiri au piga simu. Kwake kukiwaka, tazama kama uniti zimekwisha, kisha kama breka imeshuka. Mtu akija mlangoni akajitambulisha kuwa ni wa TANESCO na akataka pesa mkononi ili "akurekebishie mita," huyo ni kishoka. Mita haifunguliwi na fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani.

Kuna dalili moja isiyotaka subira. Taa zinaanza kung'aa kupita kiasi upande mmoja wa nyumba au wa mtaa, huku upande wa pili zikififia. Mara nyingi ni nyutro iliyokatika au kulegea kwenye laini ya fezi tatu. Hapo volti za nyumba moja zinaweza kupanda mbali juu ya 230, na friji, tivii na redio vikaungua kwa mpigo mmoja. Zima meni switchi papo hapo, ndipo uipigie TANESCO.

Halafu kuna breka inayoshuka kila jioni. Chomoa kila kitu, ipandishe, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile kinachoishusha kikiwa peke yake ndicho kibovu. Lakini ikishuka tu pale vinapotumika pamoja, hakuna kibovu, kuna mzigo. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, sawa na takriban wati 3,000. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari vimepita hapo. Suala hili litazidi kuwa kubwa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na majiko na presha kuka za umeme zinaingia kwenye nyumba zilizovutiwa nyaya za taa na redio.

Fundi anayelimaliza tatizo hilo kwa kutoa breka ya ampea 20 na kuweka ya 32, bila kugusa waya, mwogope. Breka inalinda waya uliomo ukutani. Ukiibadilisha kwa kubwa zaidi, breka itatulia na waya ndio utakaoungua. Laini ya soketi kwa kawaida ni waya wa milimita za mraba 2.5, ya taa 1.5, na jiko la umeme linataka laini yake lenyewe, nene zaidi, kutoka kwenye boksi la breka.

Sasa fundi wa kuaminika anapatikana wapi? Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja, na ombi la kuunganishiwa umeme huambatana na mchoro uliogongwa muhuri wa mwenye leseni. Kasoro yake inajulikana mitaani: aliyegonga muhuri si lazima awe ndiye aliyevuta waya. Kwa hiyo uliza leseni, uliza kama amepita chuo cha ufundi cha VETA, uliza kwenye duka la vifaa vya umeme wanamwamini nani. Lakini zaidi ya yote, mtazame anavyoanza.

Nilimtazama mmoja Mbagala, aliyeitwa kwa sababu jikoni kulikuwa na harufu ya samaki aliyeoza na samaki hakuwepo. Aliuliza maswali kabla ya kufungua begi: imeanza lini, mnachomeka nini pale, mvua ikinyesha inakuwaje. Kisha akaijaribu testa yake kwenye soketi ya sebuleni iliyokuwa na umeme, akashusha breka ya jikoni, akaipeleka testa kwenye soketi iliyoshukiwa, halafu akarudi nayo sebuleni kuhakikisha kwamba testa yenyewe haijafa. Ndipo akashika bisibisi. Plastiki ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na hiyo ndiyo iliyotoa ile harufu. Skrubu moja ilikuwa imelegea. Kiungo kilicholegea hupata joto kila jagi linapochemshwa. Alikata waya mpaka kwenye shaba safi, akafunga soketi mpya, kisha akavuta kila waya kwa vidole kuona kama umeshika.

Bei ya ufundi ipatane kando na bei ya vifaa, na vifaa kanunue naye, maana cha juu huanzia pale unapompa pesa aende peke yake. Dukani kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Weupe ukijitokeza ndani, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba, irudishe. Kama boksi lako halina kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kitufe cha T, mwambie aweke kimoja cha miliampea 30. Hakichukui nafasi ya eathi, lakini hukata umeme haraka pale mtu anapogeuka kuwa njia yake.

Kazi ikiisha, aandike kila breka ni ya wapi: jikoni, pampu, chumba cha wageni. Kisha kibonyeze mwenyewe kile kitufe cha T wakati fundi bado ananawa mikono. Umeme usipokatika, salio la malipo lisubiri mpaka ukatike.